Namna ya kufikisha ujumbe pasipo waya, nyumbani na kiwandani

Neno "mtandao ni mbaya" limekuwa katika nyumba zetu kama neno "mvua inanyesha": likisemwa, kila mtu ananyamaza na kungoja. Mama anazungumza na mwanawe aliye ng'ambo, na sauti inakatika katikati ya habari ya ugonjwa, husemwa hivyo. Mwanafunzi anatuma kazi yake ya mtihani dakika ya mwisho, nayo haifiki, husemwa hivyo. Lakini mvua hatuwezi kuizuia, wasomaji wapenzi. Mtandao wa ndani ya nyumba, kwa sehemu kubwa, twaweza kuutengeneza. Nao mainjinia wa viwanda, ambao kwao ujumbe ukipotea mtu aweza kuumia, wamekwisha kupata njia zilizo hakika, na njia nyingine katika hizo zinafaa hata sebuleni kwetu.

Kwanza tutenganishe mambo mawili. Ujumbe unaotoka katika simu yako wapita njia mbili. Njia ya kwanza ni fupi: toka simu hata kile kisanduku cha Wi-Fi, ambacho wengine hukiita modemu na wengine ruta. Njia ya pili ni ndefu: toka kisanduku hata mnara wa kampuni, na toka hapo hata nchi za mbali. Ukitaka kujua ni ipi iliyo mbovu, simama na simu yako hatua mbili mbele ya kisanduku. Ikiwa mambo yanakwenda vema hapo, na chumbani hayaendi, ubaya uko ndani ya nyumba yako. Ikiwa hata hapo hayaendi, huenda ubaya uko nje, na kununua kisanduku kingine ni kutupa fedha. Wauzaji wengi hawakuambii neno hilo. Hapa tutasema habari ya njia ile fupi.

Mawimbi ya Wi-Fi ni ndugu wa mawimbi ya radio yanayotuletea habari na nyimbo, ila yanatikisika upesi zaidi: katika sehemu inayotumiwa na watu wengi, mara milioni 2400 kwa kila sekunde, na urefu wa wimbi moja ni sentimeta 12 hivi. Mawimbi mafupi si jambo geni kwa Kanisa: mwaka 1933 Marconi alimtengenezea Papa Pius XI simu bila waya kati ya Vatikano na Castel Gandolfo, kwa mawimbi yasiyofikia urefu wa meta moja. Lakini Papa alikuwa na njia yake peke yake. Sisi hatuna. Mwaka 1985 wakubwa wa mawasiliano wa Marekani walifungua sehemu kadhaa za mawimbi zitumiwe na watu wote bila kuomba ruhusa, na nchi nyingine zikafuata. Sehemu hizo zilikuwa kama kiwanja kisichotakiwa na mtu, maana majiko ya mawimbi ya kupashia chakula yalikuwa yakipiga kelele humo. Kanuni ya kwanza ya Wi-Fi ilitoka mwaka 1997, na leo kiwanja kile kimejaa kama soko la Jumamosi: simu, kamera, vipaza sauti vidogo vya Bluetooth, na jiko la jirani. Njia za humo zimepewa namba 1 hata 11, na mahali pengine hata 13, lakini zimepandana kama vigae vya paa. Zile tatu zinazotumiwa pamoja bila kugusana ni 1, 6 na 11. Katika mtaa wa nyumba zilizobanana, visanduku kumi vinagawana njia tatu.

Si kwamba Wi-Fi haina adabu. Kabla ya kusema, husikiliza. Ikisikia mwingine anasema, hungoja. Simu ikipokea neno hujibu: nimepata. Jibu lisipokuja, msemaji hungoja muda mfupi unaochaguliwa kwa bahati, kisha hurudia. Desturi ya kungojea jibu na kurudia namna hii yatoka chuo kikuu cha Hawaii, ambako mwaka 1971 Profesa Norman Abramson na wenzake walianza kuunganisha mashine za kuhesabu za visiwa mbalimbali kwa radio. Ni desturi njema, lakini ina udhaifu wake. Watu wawili waliosimama pande mbili za nyumba ndefu hawasikiani. Kila mmoja hudhani kuna kimya, wote wawili wanasema pamoja, na aliye katikati haelewi hata mmoja. Tena, simu iliyo mbali na kisanduku hulazimika kusema polepole ili isikike, na wakati inaposema polepole wengine wote wanangoja. Ndiyo maana simu moja ya kijana aliyejificha nyuma ya jiko yaweza kuchelewesha nyumba nzima.

Jambo lingine ni mwangwi. Paa la mabati, mlango wa chuma, nondo za dirisha, kabati, friji, vyote vyarudisha mawimbi kama mlima unavyorudisha sauti. Basi wimbi lililokuja moja kwa moja hukutana na lile lililozunguka ukutani, na kama kilele cha moja kinaangukia bonde la lingine, yanauana. Mahali hapo panakuwa kiziwi, ingawa kisanduku kiko karibu. Kwa kuwa wimbi lina sentimeta 12 tu, kusogeza simu upana wa vidole vichache kwaweza kukutoa katika uziwi. Mama anayeinua simu na kwenda dirishani, basi, tusimcheke. Katika kiwanda taabu hii ni kubwa mara nyingi zaidi, kwa maana kila kitu ni chuma, na lori likipita miangwi yote inabadilika. Wataalamu wa Australia, John O'Sullivan na wenzake wa shirika la CSIRO, ndio waliopata mapema katika miaka ya 1990 namna ya kutuliza mwangwi: wakaupasua ujumbe katika mikondo mingi inayokwenda polepole kwa pamoja, hata mwangwi wa neno moja usifunike neno linalofuata. Kanuni ya Wi-Fi ya mwaka 2009 ikaongeza antena nyingi katika kisanduku kimoja. Antena moja ikiwa mahali pa kiziwi, nyingine yasikia.

Wengi hudhani dawa ya haya yote ni nguvu. Wananunua antena ndefu, au kisanduku kinachojisifu kwamba sauti yake yavuka mitaa mitatu. Padri mwenye kipaza sauti anasikika hata nje ya kanisa. Lakini bibi kizee aliye nje akiitika, hasikiki altareni. Ndivyo ilivyo hapa. Simu yako ina batri ndogo na sauti ndogo. Yasikia kisanduku vizuri, hata alama zote zinawaka, lakini jibu lake halifiki, na pasipo jibu hakuna mazungumzo. Zaidi ya hayo, kelele yako inawasumbua majirani, nao watanunua chenye kelele zaidi.

Wazee wetu wa Kongo walijua dawa nyingine kabla ya umeme. Mmisionari Mwingereza John Carrington, aliyekaa Yakusu karibu na Kisangani, aliandika mwaka 1949 kitabu juu ya ngoma zinazosema za watu wa mto. Alieleza jambo ambalo wageni wengi hawakulitambua. Ngoma haina herufi. Ina sauti ya juu na sauti ya chini tu, na maneno mengi yana mwendo ule ule wa sauti. Basi mpigaji hasemi neno moja tupu. Badala ya neno "mwezi" hupiga sentensi nzima yenye kuusifu mwezi, na badala ya jina la mtu hupiga jina refu lenye sifa za ukoo wake. Sauti mbili tatu zikipotea kwa upepo, msikilizaji anajua kilichosemwa. Na ujumbe ukipaswa kwenda mbali, kijiji hupokea na kupiga tena kwa kijiji kinachofuata. Yamo humo mambo mawili ambayo mainjinia wa leo wanayaandika kwa hesabu ngumu: maneno ya ziada ya kuokoa yaliyopotea, na kupokezana. Katika kila ujumbe wa Wi-Fi mna namba za ziada za namna hiyo, hata mpokeaji aweza kurudisha mwenyewe sehemu iliyoharibika njiani.

Kupokezana ndiko kulikotumiwa pia katika simu ya kwanza bila waya ya nchi hii. Tangu mwaka 1911 Robert Goldschmidt, kwa mapenzi ya Mfalme Albert wa Kwanza, alianza kupanga vituo toka Banana kwenye bahari, kufuata mto, kuelekea Katanga. Waya za telegrafu zilizopita msituni zilikuwa zikikatwa na miti inayoanguka na tembo waliopita. Kituo kimoja hakikuweza kusikika nchi nzima, tena ngurumo za mvua zilifunika sauti. Basi kila kituo kiliandika, kisha kikapeleka mbele.

Sasa tufike kwenye kiini, nacho kinataka hesabu kidogo. Tuseme kwamba kila unapotuma ujumbe, mara moja katika mara 10 unapotea. Ukituma mara tatu, ni mara ngapi zote tatu zitapotea? Mwalimu wa hesabu atajibu: mara moja katika 1000. Mara sita? Moja katika milioni. Yaonekana kazi imekwisha. Lakini hesabu hii ni ya kweli kwa sharti moja: kila jaribio liwe na bahati yake lenyewe. Ukibisha hodi mara tatu kwenye mlango uliofungwa, wa nyumba ambayo mwenyewe yuko shambani, hujabisha mara tatu. Umebisha mara moja kwa kupoteza wakati. Mtu mwenye busara hubisha mbele, kisha huzunguka uani, kisha humtuma mtoto kwa jirani aulize. Vivyo hivyo, ikiwa jiko la mawimbi linanguruma katika njia ya 11, kurudia katika njia ya 11 ni kurudia kosa. Yapasa kubadili njia ya mawimbi, kubadili wakati, na kubadili barabara yenyewe. Huu ndio msingi wa mitandao ya kutegemewa.

Kubadili njia ya mawimbi ni wazo la zamani kidogo, na mwenye kulitoa atawashangaza wengine. Mwaka 1942 mwigizaji wa sinema Hedy Lamarr, mzaliwa wa Austria, pamoja na mwanamuziki George Antheil, walipata hati ya serikali ya Marekani kwa ajili ya namna ya kuongoza kombora la baharini kwa radio, hali mawimbi yanarukaruka katika njia 88, idadi ya vitufe vya piano, ili adui asiweze kuyaziba. Jeshi la maji halikulitumia katika vita ile. Lakini leo vifaa vya Bluetooth vya namna ya kwanza vinaruka katika njia 79, mara 1600 kwa sekunde, na tangu mwaka 2003 vimefundishwa kukumbuka njia zenye kelele na kuziepuka.

Tuingie sasa kiwandani. Tufikirie kiwanda cha kusafishia shaba, kama vilivyo katika nchi ya Katanga, chenye matangi makubwa ya asidi. Juu ya kila tangi kuna chombo kinachopima kimo cha asidi. Kikinyamaza, na tangi likajaa, asidi inamwagika, na chini kuna watu. Kupeleka waya hata kwa kila chombo ni gharama kubwa, tena asidi inakula waya. Mwaka 2007 ilitolewa kanuni iitwayo WirelessHART kwa ajili ya vyombo vya namna hiyo, na mwaka 2010 ikakubaliwa kuwa kanuni ya mataifa. Ndani yake hakuna kugombea nafasi ya kusema. Vyombo vyote vina saa moja; sekunde imekatwa vipande 100, na kila chombo kinajua kipande chake. Kikirudia ujumbe, hurudia katika njia nyingine kati ya njia 15. Tena hupangwa kila kimoja kiwe na majirani wawili au zaidi wa kupokea ujumbe wake na kuupeleka mbele. Lori likisimama mbele ya jirani wa kwanza, wa pili yupo. Na kwa sababu kila chombo hulala usingizi wakati usio wake, batri yake yaweza kudumu miaka.

Chombo cha kupima chaweza kungoja sekunde chache. Winchi haiwezi. Fundi anayeongoza winchi kwa kisanduku cha mkononi, hali mzigo wa tani kadhaa unaning'inia juu ya wenzake, hawezi kuambiwa "mtandao ni mbaya". Hapa mainjinia waligeuza jambo lenyewe. Hawakuahidi kwamba ujumbe hautapotea kamwe. Hakuna awezaye kuahidi hivyo juu ya mawimbi. Walipanga kwamba kisanduku kiseme "nipo, nipo" mara nyingi kila sekunde, na mashine isiposikia kwa muda mfupi uliowekwa, isimame yenyewe. Kimya kimefanywa kuwa amri ya kusimama. Ujumbe ukipotea, mzigo unasimama hewani, na hakuna anayekufa.

Lakini tazama kinachofuata katika kiwanda ambacho mtandao wake ni dhaifu. Winchi inasimama mara tano asubuhi moja. Msimamizi anakasirika, kazi inachelewa. Mtu mmoja anaongeza ule muda wa kungoja, au anafunga kabisa kile kinga, "kwa leo tu". Sasa mzigo unaendelea kwenda ingawa fundi amekwisha kubonyeza kitufe cha kusimamisha. Kwa maoni yangu, hapa ndipo mtandao mbovu unapoumiza watu kwelikweli: unawazoesha kuidharau alama ya hatari. Kwa hiyo viwanda vingine hutuma kila ujumbe mapacha, nakala mbili kwa mitandao miwili isiyotegemeana. Ya kwanza kufika hutumika, ya pili hutupwa. Ni gharama, naam, lakini winchi haisimami ovyo, na mafundi hawapati kishawishi cha kufunga kinga.

Chini ya ardhi, kama katika machimbo ya Kipushi, mambo ni mengine tena, kwa kuwa mwamba unameza mawimbi. Katika machimbo mengi hutandikwa kebo yenye matundu madogo kufuata njia za chini. Mawimbi yanavuja humo kidogo kidogo, kama maji katika bomba la kumwagilia bustani, na kila mchimbaji anapata sehemu yake. Ni radio isiyoona haya kutumia waya.

Nasi tusione haya. Nyumbani, kitu kisichohama, kama televisheni au mashine ya kuandikia ya mezani, kifungwe kwa waya ikiwezekana. Nafasi yake hewani inabaki kwa simu. Kisanduku kiwekwe katikati ya nyumba, mahali pa juu, si kabatini, si nyuma ya friji wala karibu na pipa la maji, kwa maana maji yanameza mawimbi. Watu wengi hukificha kwa kuwa hakipendezi machoni. Afadhali kionekane na kifanye kazi. Ikiwa chako kina sehemu mbili, ile ya gigahezi 2,4 na ile ya 5, tumia ya 5 chumbani kilipo, kwa kuwa ina njia nyingi na kelele ndogo, na ya 2,4 kwa vyumba vya mbali, kwa sababu hupenya kuta vizuri zaidi. Katika ile ya 2,4 chagua njia 1, 6 au 11, ile ambayo majirani hawaitumii sana. Ziko programu za bure za simu zinazoonyesha. Anayenunua kisanduku cha kupokezana, asikiweke kule chumbani kusikosikia kitu, kama wengi wanavyofanya, bali nusu ya njia, mahali ambapo chenyewe bado kinasikia vizuri. Na ajue kwamba kama kinapokea na kutoa katika njia ile ile ya mawimbi, mwendo unapungua karibu nusu, kwa kuwa kila neno linasemwa mara mbili.

Kanuni mpya iitwayo Wi-Fi 7, iliyotangazwa rasmi mwaka 2025, imeleta nyumbani desturi ile ya viwanda: simu na kisanduku vyaweza kushikana kwa sehemu mbili za mawimbi kwa wakati mmoja, moja ikizibwa nyingine iendelee. Lakini yapasa vyote viwili viwe vya kanuni hiyo. Anayenunua kisanduku kipya na kubaki na simu ya zamani hatapata faida hiyo.

Jamaa nyingi hazina kisanduku hata kimoja. Simu ya baba ndiyo inayowagawia wengine. Basi simu hiyo isikae mfukoni, kwa sababu mwili wa mtu ni maji kwa sehemu kubwa. Iwekwe dirishani upande wa mnara, juu ya kitu kisicho cha chuma, na ichomekwe kwenye umeme, kwa maana kazi hii inamaliza batri upesi. Na wenye kisanduku, mahali umeme unapokatika mara kwa mara, wakitazame kibandiko cha chini: vingi vinataka volti 12 tu, na batri ndogo ya volti hizo, yenye kifaa chake cha kuichaji, yaweza kukishikilia saa kadhaa. Fundi wa radio wa mtaani ataifunga. Asibadilishe tu upande wa chanya na wa hasi.